Sahihi Mbili, Kura ya Siri: Hivi Ndivyo Spika wa Kwale Hupatikana

Uliza wasee kumi pale Ukunda gavana wa Kwale ni nani, na wote watakujibu Fatuma Achani kabla hujamaliza swali. Waulize MCA wao, wengi watamtaja, na wengine watakupa mpaka jina lake la mtaani. Sasa waulize Spika wa Bunge la Kaunti ni nani na alifikaje pale. Hapo ndio utaona watu wameanza kuangalia simu zao.

Wala si makosa yao. Spika hana mabango. Hajawahi kuja maskani yenu kuomba kura, hajagawa tisheti, hajacheza densi kwa gari la kampeni. Kura yake haikupigwa Diani, Msambweni wala Kinango. Ilipigwa ndani ya ukumbi mmoja kule Kwale mjini, na waliopiga ni wale uliowapanga foleni ukawachagua wewe.

Lakini huyu mtu usiyemjua ndiye anaamua hoja gani inasikizwa leo na gani inalala. Na kukitokea ngori ya kweli, anaweza kukalia kiti cha gavana bila wewe kumpigia hata kura moja. Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 10, 2027. Kabla MCA wako hajaanza kukuita "mwananchi mpendwa" tena, wacha tuelewe huu mchezo wa kumteua Spika unavyochezwa.

Kiti chenyewe kina uzito gani?

Kwale ina wadi 20. Msambweni ina nne: Ukunda, Gombato Bongwe, Kinondo na Ramisi. Lunga Lunga nne, Matuga tano, Kinango saba. Kila wadi inatoa MCA mmoja, halafu wanaongezwa wajumbe wa kuteuliwa na vyama ili jinsia moja isizidi theluthi mbili, na ili vijana, watu wenye ulemavu na makundi yaliyotengwa nao wawe na sauti. Spika anakaa juu ya hawa wote kama mjumbe kwa sababu ya cheo chake.

Tangu ugatuzi uanze 2013, Sammy Ruwa ndiye alikuwa Spika wa kwanza wa Kwale. Baada ya uchaguzi wa 2022 kiti kikaenda kwa Seth Kamanza.

Kazi ambayo watu wanaijua ni ile ya kusema "utulivu!" waheshimiwa wakianza kurushiana maneno. Hiyo ni ndogo. Spika ndiye mwenyekiti wa bodi inayoajiri wafanyakazi wa bunge na kusimamia pesa zake. Mswada ukipita, yeye ndiye anampelekea gavana ndani ya siku 14 autie sahihi. MCAs wakipitisha hoja ya kumng'oa gavana, Spika ndiye anamwarifu Spika wa Seneti ndani ya siku mbili ili kesi ianze Nairobi. Na mkiandika ombi rasmi kwa bunge, tuseme kuhusu ile ardhi ambayo Base Titanium ilichimba mpaka ikafunga kazi Desemba 2024, karatasi yenu itapita chini ya mamlaka yake.

Halafu kuna ile kubwa. Ibara ya 182 ya Katiba inasema kiti cha gavana kikibaki wazi na naibu gavana pia hayupo, Spika anashika usukani kwa muda. Usidhani hiyo ni ya vitabuni tu. Seneti ilipomtimua Mike Sonko wa Nairobi Desemba 17, 2020, jiji halikuwa na naibu gavana, maana Polycarp Igathe alikuwa amejiuzulu tangu Januari 2018. Siku nne baadaye Spika Benson Mutura akaapishwa kuwa kaimu gavana. Mtu aliyechaguliwa na MCAs peke yao akawa ndiye mdosi wa jiji zima.

Sasa umeelewa kwa nini watu wanakitafuta hiki kiti kimya kimya.

MCA anaweza kumteua MCA mwenzake?

Hapa ndio wengi hukosea. Katiba, Ibara ya 178, inasema Spika wa kaunti anachaguliwa na bunge lenyewe, lakini kutoka kwa watu ambao si wajumbe wa hilo bunge. Yaani MCA wa Ukunda hawezi kusimama akasema "mimi napendekeza ndugu yangu wa Tiwi awe Spika" huku yule wa Tiwi ameshikilia kiti chake cha wadi. Akikitaka cha Spika, lazima kwanza aachie kile alichopewa na watu wa Tiwi, na Tiwi warudi kwenye uchaguzi mdogo. Ni nani huyo atafanya kampeni mwaka mzima, ashinde, halafu atupe ushindi wake kwa kiti ambacho hana uhakika nacho?

Zamani sheria ilikuwa tofauti, na tuna mfano mzuri. Januari 15, 2008, nchi ikiwa imewaka moto baada ya uchaguzi wa 2007, wabunge wa ODM walimteua mwenzao Kenneth Marende, aliyekuwa amechaguliwa mbunge wa Emuhaya, apambane na Francis ole Kaparo aliyekuwa kwa hicho kiti tangu 1993. Ilienda raundi tatu. Marende akashinda kwa kura 105 dhidi ya 101. Akaketi kwenye kiti kikubwa, na Emuhaya ikabaki bila mbunge mpaka uchaguzi mdogo wa Juni mwaka huo. Hiyo ndiyo bei ya kumpandisha mwenzako: wenyeji wake wanabaki yatima kwa muda.

Vuka mpaka pale Lunga Lunga uingie Horohoro, mambo yanageuka tena. Tanzania inaruhusu Spika awe mbunge. Tulia Ackson alipochaguliwa Spika Februari 2022, alibaki kuwa mbunge wa Mbeya Mjini. Kwa hivyo ukiskia jirani wa Tanga akiongea kuhusu Spika wao, usichanganye na wetu.

Kwa Kenya ya leo, "mwenzetu" anayeteuliwa kuwa Spika huwa ni wa aina tatu. Wa kwanza ni aliyekuwa mjengoni akaanguka kura, lakini marafiki zake bado wako ndani. Jirani zetu Kilifi walifanya hivyo 2022: Teddy Mwambire alipoteza kiti cha ubunge cha Ganze, na wiki chache baadaye MCAs wakamfanya Spika wa kaunti. Wa pili ni mtaalamu, mara nyingi wakili, anayejua sheria na anayejulikana na chama. Wa tatu ni aliyeachia wengine njia kwenye siasa za juu, na sasa analipwa fadhila. Amason Kingi ni mfano wa siasa kubwa: alimaliza mihula miwili ya ugavana Kilifi, akahamia Kenya Kwanza Mei 2022, na Septemba 8 mwaka huo akachaguliwa Spika wa Seneti kwa kura 46 baada ya Kalonzo Musyoka kujitoa. Kwa Pwani hiyo ilikuwa heshima, ingawa haikuwa mara ya kwanza. Ile Seneti ya zamani, iliyoanza 1963 na kuvunjwa 1966, iliwahi kuongozwa na mwanasiasa wa Pwani pia, Muinga Chokwe.

MCA aliye kitini anaweza kuteuliwa kwa cheo kimoja tu cha kukalia hicho kiti: naibu spika. Huyo anatoka miongoni mwao, na anaongoza kikao Spika asipokuwepo. Basi ukiona MCAs wanapigana vikumbo kuhusu mwenzao, angalia vizuri, huenda wanaongelea naibu.

Ile karatasi yenye majina

Sasa tufike kwenye uteuzi wenyewe, maana hapa ndio siri iko.

Uchaguzi ukiisha, gavana hutangaza kwenye Gazeti Rasmi siku ya kikao cha kwanza. Kabla ya siku hiyo, anayetaka uspika anachukua karatasi ya uteuzi kwa karani wa bunge. Hakuna anayesimama kutoa hotuba ya kumsifu. Uteuzi wetu ni wa karatasi. Mfano ambao mabunge yetu yamefuata unatoka Bunge la Taifa: fomu ya mgombea lazima iambatane na majina na sahihi za wajumbe angalau wawili wanaomuunga mkono, pamoja na tamko la mgombea mwenyewe kwamba yuko tayari kufanya hiyo kazi akichaguliwa. Fomu irudi kwa karani saa 48 kabla ya kikao. Karani anaandika kwa daftari ni nani ameleta na saa ngapi.

Mgombea mwenyewe naye lazima awe na sifa za mtu anayeweza kugombea umca: awe mpiga kura aliyesajiliwa, atimize masharti ya elimu na maadili, asiwe mtumishi wa umma ambaye bado yuko kazini.

Sahihi mbili. Fikiria hilo. Kiti chenye uwezo wa kukaimu ugavana kinaanzia kwa sahihi mbili tu. Ukilinganisha na Uingereza, pale anayetaka kuwa Spika wa bunge lao la wananchi anatafuta sahihi kati ya 12 na 15, na angalau tatu lazima zitoke nje ya chama chake. Wanataka kujua mapema kama wapinzani wako wanaweza kukuamini. Sisi hatujadai hivyo. Sahihi mbili za kambi moja zinatosha.

Lakini hizo sahihi mbili zina kitu kimoja cha maana kuliko hatua nyingine yote: zina majina. Hapo ndipo mahali pekee katika safari nzima ambapo MCA anaweka jina lake kwa wino na kusema "huyu nimemwamini mimi". Kinachofuata ni giza.

Siku ya kura

Wajumbe wanafika wamevalia vizuri, familia ziko nje na vigelegele. Karani ndiye anaendesha kikao maana Spika hayupo bado. Kwanza wanaapishwa, kwa sababu mjumbe asiyeapa hapigi kura. Halafu sanduku linaletwa.

Kura ni ya siri. Anayetaka kushinda raundi ya kwanza anahitaji theluthi mbili ya wajumbe wote, si ya waliofika. Tuchukue bunge la wajumbe 30 ili hesabu iwe rahisi: unahitaji 20. Wakikosa wote, wawili wa juu wanarudi raundi ya pili, na hapo anayeongoza ndiye mshindi. Kama mgombea ni mmoja tu, anatangazwa bila kura.

Hesabu hii si mzaha. Septemba 2022 Moses Wetang'ula alipata kura 215 kwenye Bunge la Taifa, na Marende, yule yule wa 2008, akapata 130. 215 ni nyingi, lakini theluthi mbili ya wabunge 349 ni 233. Sheria ilidai raundi ya pili, ila Marende akakubali yaishe.

Kwa nini siri? Sababu ni nzuri. Mjumbe anafaa kuchagua kwa dhamira, bila chama kumwangalia begani. Kiranja wa chama anaweza kuamrisha, lakini hawezi kuingia nawe kwenye kura. Ndio maana kambi ikijiona ina wengi, wakati mwingine inaogopa siri. Ile siku ya 2008, wabunge wa ODM waliinua karatasi zao zionekane kabla ya kuzitumbukiza, ili kusiwe na msaliti. Marekani wao hawana hii shida, maana kwenye baraza lao la wawakilishi kila mmoja anaitwa jina na kutaja anayemtaka kwa sauti. Januari 2023 Kevin McCarthy alipigiwa kura mara 15 ndio akapata uspika, na dunia nzima ilijua ni nani alikuwa akimkataa.

Kila njia ina ubaya wake. Ukipiga kwa sauti, chama kinakukaba. Ukipiga kwa siri, mwenye chapaa anaweza kukununua na mwananchi asijue.

Hoteli, semina na bahasha

Tuseme ukweli, sisi wa Diani tunalijua hili jambo kuliko wengine. Waheshimiwa wa kaunti nyingi huja hapa ufukweni kwa semina. Kazi inaletwa, madereva wa tuktuk wanapata, wauza madafu wanapata. Semina si dhambi.

Lakini siasa za Spika zina tabia yake. Kati ya siku ya matokeo na kikao cha kwanza kuna wiki chache, na hizo wiki ndizo za mavuno. Kwenye siasa zetu si ajabu kuskia kambi fulani imekusanya watu wake pahali pamoja mpaka asubuhi ya kura, simu zikiwa zimezimwa. Mgombea anaahidi uenyekiti wa kamati kwa huyu, safari kwa yule. Mengine ni siasa ya kawaida. Ikifika kwa bahasha, hiyo si siasa tena. Sheria ya Hongo ya 2016 inamshika anayetoa na anayepokea, na EACC ina ofisi Mombasa, hata si mbali.

Na hasara si ya MCA. Spika aliyenunua kiti anaingia na deni. Anayemdai ndiye ataamua hoja gani isomwe. Bajeti ya kaunti, pamoja na pesa za karo za Elimu ni Sasa, lazima zipite kwenye ukumbi anaouongoza. Bunge lisilouliza maswali haliwezi kukuambia mbona zahanati ya kwenu haina dawa.

Wakijuta, wanaweza kumtoa?

Wanaweza, ila si rahisi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kama ilivyopitishwa, ilidai notisi yenye sahihi za theluthi moja ya wajumbe wote, halafu kura ya asilimia 75. Kwa bunge letu la mfano la watu 30, hiyo ni sahihi 10 na kura 23. Na Spika lazima apewe nafasi ya kujitetea.

Nairobi walijaribu. Septemba 2018 MCAs walipiga kura ya kumtimua Spika Beatrice Elachi. Akaenda kortini, akarudi, na siku aliyorudi ofisini kukawa na varangati. Mvutano uliendelea mpaka alipojiuzulu mwenyewe Agosti 2020. Karibu miaka miwili bunge la jiji kuu lilikuwa linapigana lenyewe. Angalia hesabu: sahihi mbili zinatosha kumwingiza mtu kwenye kinyang'anyiro, lakini kumtoa kunahitaji robo tatu ya ukumbi. Ni rahisi kuoa kuliko kuacha.

Wewe unaingia wapi?

Hutapiga kura ya Spika. Lakini usikubali kuambiwa haikuhusu.

Kampeni za 2027 zikianza, MCA atakuja Gombato, atakuja Ramisi, atakuja Vanga. Ataongea barabara, ataongea bursari. Wewe muulize maswali mawili. La kwanza: "Ukishinda, utatia sahihi fomu ya nani ya uspika, na kwa nini?" La pili: "Fomu zikirudishwa kwa karani, utatuambia majina ya waliotia sahihi?"

Hutamuuliza alimpigia nani, maana hiyo ni siri yake na sheria inamlinda. Sahihi haina ulinzi huo. Yeye kama mjumbe anaweza kujua ni nani aliyemdhamini nani, na anaweza kuwaambia waliomtuma. Kama jina analoweka ni la mtu safi, hatakuwa na shida kulitaja mbele ya watu. Akianza kigugumizi, pia hilo ni jibu.

Baada ya uchaguzi kutakuwa na zile wiki chache ambazo wengi wetu tutakuwa tunasherehekea au tunanuna. Hizo ndizo wiki za kukaa rada. Panda matatu pale Ukunda, shuka Kombani, panda nyingine mpaka Kwale mjini. Katiba inataka vikao vya bunge la kaunti viwe wazi kwa umma, kwa hivyo nenda ukakae pale juu uone sanduku likifunguliwa na kura zikihesabiwa. Enda na wenzako, maana MCA anayejua watu wa wadi yake wako juu wanamwangalia hukaa kitini tofauti.

Kura yako ya Agosti inaishia kwa MCA. Kuanzia hapo anabeba yake na yako pamoja. Jina atakaloweka kwenye ile fomu ndilo la kwanza analoliweka kwa niaba yako. Mfanye alitaje.